Butura, mnada au hati fungani: Fedha ya kahawa ya Kagera inakwenda wapi?

JANUARI shule zinapofunguliwa, kahawa katika vibanja vya Kamachumu, Nshamba na Muhutwe wilayani Muleba bado ni kijani mtini. Mavuno yenyewe ni kuanzia Mei. Lakini mtoto anatakiwa shuleni wiki hiyo hiyo, na sare, godoro na ada havisubiri kahawa iive. Ndipo anapobisha hodi mtu mwenye fedha. Haji na fomu wala hadai hati ya kiwanja. "Ta, hizi hapa laki nne, utanipa kilo mia mbili ukivuna." Wanakubaliana mbele ya shahidi mmoja, pengine bila shahidi, na biashara imekwisha.

Hiyo ndiyo butura, ambayo kila msimu viongozi wa mkoa na wilaya huipiga marufuku na kila msimu hurudi. Imezoeleka kuitwa ulanguzi, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo. Lakini mtu akiitazama kwa jicho la uchumi ataona kuwa butura ni soko la fedha kamili: lina mkopo, lina riba, lina dhamana, na lina bei ya bidhaa ambayo bado haijavunwa. Katika jiji la London, kwenye soko ambalo bei ya robusta ya dunia nzima hupangwa, watu hufanya jambo lile lile. Wananunua leo kahawa ya kupokelewa miezi kadhaa mbele. Tofauti ni kwamba London pande zote mbili zinaijua bei, na Kamachumu anayeijua mara nyingi ni mmoja tu.

Kwa hiyo mkulima anayetaka kujua msimu ujao utakuwaje, au mfanyabiashara mdogo wa Bukoba mjini anayefikiria aweke wapi akiba yake, lazima aanze na bei hiyo ya London, kisha ashuke nayo hatua kwa hatua mpaka kwenye mkeka wa kuanikia kahawa.

Historia inaonyesha kwamba bei hiyo haina huruma. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil na bei ikapanda ghafla, kiasi kwamba wazee wa Kagera bado wanakumbuka mabati na baiskeli za msimu ule. Kisha Vietnam, ambayo hapo awali haikuwa ikitajwa kabisa kwenye kahawa, ikapanda robusta kwa kasi mpaka ikawa mzalishaji wa pili duniani. Mwaka 2001 robusta ilishuka London hadi chini ya dola 500 kwa tani. Wapo waliong'oa mikahawa wakapanda maharage, na wapo walioiacha ikaota msitu.

Halafu upepo ukageuka. Ukame wa Vietnam na Brazil uliifanya robusta ipande mfululizo katika mwaka 2024, na kabla ya mwaka huo kwisha ikapita dola 5,000 kwa tani, bei ambayo soko hilo halikuwahi kuiona. Kufikia katikati ya 2025, mavuno mazuri ya Brazil yalipoingia, ilikuwa imeshuka tena hadi chini ya dola 4,000. Agosti mwaka huo Marekani ikatoza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Brazil, bei ikaruka upya, na Novemba ushuru huo ukaondolewa kwa kahawa. Mkulima wa Katerero hakuhusika na ugomvi wowote kati ya hayo, lakini kila moja liligusa mfuko wake.

Hesabu ya kutoka London hadi kibanjani ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, na kila mkulima anaweza kuifanya kwa simu yake ya tochi. Tuseme London ni dola 4,000 kwa tani. Hiyo ni dola 4 kwa kilo ya kahawa safi. Dola ikiwa shilingi 2,500, kilo ya kahawa safi ni shilingi 10,000. Kwa kuwa kilo mbili za maganda makavu hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi, kilo ya maganda ni shilingi 5,000. Hapo bado hujatoa gharama: kukoboa, magunia, usafiri wa zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandari ya Dar es Salaam, ushuru wa mazao wa halmashauri wa asilimia 3, makato ya chama cha msingi na chama kikuu, na faida ya mnunuzi. Kinachobaki ndicho cha mkulima. Mnada ukitoa bei iliyo karibu na hesabu hii, umefanya kazi yake. Ukitoa nusu yake, kuna mtu anapaswa kuulizwa.

Kwa kipimo hicho hicho, dola 500 za mwaka 2001, wakati dola moja haijafika shilingi 1,000, zilikuwa na maana kwamba hata kabla ya makato kilo ya maganda haikuweza kufika shilingi 250. Chama cha ushirika kingesimamiwa na malaika, bei isingekuwa nzuri.

Kuna kitu cha pili ndani ya hesabu hiyo ambacho wakulima wengi hawakiangalii, nacho ni thamani ya shilingi. Katikati ya 2024 dola ilikaribia shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa mwaka huo shilingi ilikuwa imeimarika hadi chini ya 2,450. Ilidhoofu tena mapema 2025, kisha ikaimarika upya baadaye mwaka huo. Redioni shilingi kuimarika hutangazwa kama habari njema, na kwa mwenye duka la vitenge, sabuni na vipuri anayefuata mzigo Kampala kupitia Mutukula, huenda ikawa njema kweli. Kwa muuza kahawa ni kinyume. London ikibaki pale pale kwenye dola 4,000, dola ikitoka 2,700 kwenda 2,400, kilo ya maganda inapoteza shilingi 600 bila mtu yeyote Ulaya kupunguza kikombe. Kwa mwenye gunia kumi za kilo 60, hizo ni shilingi 360,000.

Turudi kwa yule mwenye laki nne. Alilipa shilingi 2,000 kwa kilo mwezi Januari. Ikiwa mwezi Juni mnada umetoa shilingi 4,000, kahawa aliyochukua ina thamani ya laki nane. Mkulima amekopa laki nne kwa miezi mitano na kulipa riba ya laki nne. Mkopo huo huo kwenye chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 2 kwa mwezi ungemgharimu shilingi 40,000. Kwenye benki inayotoa mkopo wa kilimo kwa asilimia 9 kwa mwaka, riba ambayo benki kubwa kama NMB na CRDB zilianza kuitangaza baada ya Benki Kuu kulegeza masharti mwaka 2021, ingekuwa shilingi 15,000.

Tofauti ya laki nne na elfu kumi na tano ni kubwa mno kuelezwa kwa ujinga wa mkulima, kama wanavyopenda kusema watu wa semina. Mkulima hakosi akili. Benki inataka hati, inataka mpango wa biashara, inataka safari mbili tatu za kwenda Muleba mjini au Bukoba, na jibu linaweza kuja Machi wakati mtoto alitakiwa shuleni Januari. Mnunuzi wa butura anakuja usiku na fedha taslimu. Tena anabeba hatari ambayo benki haiitaki: mvua ya mawe ikipiga, au bei ikianguka, hasara ni yake. Kwa mfano huu, kama bei ya mnada ingeshuka hadi chini ya shilingi 2,200, mkulima wa butura angekuwa amefanya biashara nzuri kuliko mwenzake aliyekopa chamani. Katika miaka ya bei kuporomoka jambo hilo linawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba wanunuzi wa butura wanafuatilia bei za London, na bei ikielekea kuanguka huwa hawaonekani kijijini.

Ndiyo maana marufuku peke yake haijafua dafu. Mahali ambapo butura imepungua, ni pale chama cha msingi kilipoweza kutoa mkopo mdogo wa Januari na kukata wakati wa mavuno. Mkopo huo unahitaji fedha za kuanzia, na hapo ndipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, iliyofunguliwa mwaka 2015, inapokuwa na maana kwa Kagera. Uwezo wake wa kudhamini mikopo inayotolewa na benki nyingine ndiyo njia nyepesi ya kushusha fedha hadi kijijini, mradi vyama viwe na vitabu vinavyokaguliwa.

Upande wa kuuza, mambo yamebadilika mno tangu enzi za chama cha ushirika cha Bukoba kilichoundwa mwaka 1950, ambacho mrithi wake wa leo ni KCU (1990) Ltd. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipite kwenye ushirika, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Mwanzo ulikuwa mgumu, malipo yalichelewa na malalamiko yalikuwa mengi. Miaka ya karibuni minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambapo wanunuzi hushindana wakiwa popote na bei hutangazwa hadharani. Hilo la kutangazwa hadharani ndilo kubwa. Mkulima wa Maruku anajua siku hiyo hiyo kwamba kahawa ya chama cha jirani imeuzwa kiasi gani, na mwenyekiti wake anapaswa kueleza tofauti.

Hata hivyo, siku kati ya kupima kahawa chamani na fedha kuingia kwenye akaunti bado ndizo zinazowapa kazi watu wa magendo. Ng'ambo ya mpaka ni Uganda, muuzaji mkubwa kuliko wote wa kahawa nje barani Afrika, na huko mnunuzi hulipa papo hapo. Kahawa huvuka usiku kwa pikipiki na kwa mitumbwi. Doria zinasaidia, lakini mchumi yeyote atasema mpaka mrefu hivyo haulindiki kwa bunduki kama tofauti ya bei ni kubwa. Msimu ambao bei ya mnada wa Kagera imekaribiana na ya Uganda, magendo hupungua yenyewe, kwa kuwa hakuna atakayekesha majini kwa faida ya shilingi mia moja.

Sasa tuseme msimu umekuwa mzuri, na familia imebaki na milioni moja au mbili baada ya madeni. Iende wapi?

Jibu la kawaida Kagera ni nyumba. Ni jibu la heshima, na mtu anayezikwa bila kujenga husemwa. Lakini tetemeko la Septemba 10, 2016 lilionyesha kuwa tofali nazo hupotea. Sekunde chache ziliangusha akiba ya miaka thelathini ya familia nyingi za Bukoba, na nyumba hizo karibu zote hazikuwa na bima.

Jibu la pili ni kurudisha fedha kibanjani, na hapa kuna sababu za kutosha. Mnyauko fuzari wa kahawa, ulioingia Kagera katika miaka ya 1990, uliua mikahawa mingi mikongwe. Mwaka 2011 kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilitoa aina za robusta zinazohimili ugonjwa huo, zikiwamo zilizopewa majina ya nyumbani, Maruku 1 na Muleba 1. Mkahawa mpya unaanza kulipa mwaka wa tatu hivi. Anayepanda sasa hapandi kwa bei ya leo, anapanda kwa bei ya miaka mitatu ijayo, ambayo hakuna anayeijua. Lakini mkahawa unaozaa mara mbili ya ule wa babu unavumilia bei kushuka nusu. Migomba nayo isisahaulike, maana mnyauko bakteria ulioonekana Muleba mwaka 2006 uliwafundisha watu kwamba chakula cha kununua kinaweza kumaliza fedha yote ya kahawa.

Wengine wamepanda misonobari na mikaratusi kwenye rweya. Ni akiba nzuri kwa anayeweza kusubiri zaidi ya miaka kumi na kukata barabara za moto. Anayehitaji ada Januari ijayo, mti wa msonobari haumsaidii.

Vanila ni hadithi nyingine, na ni ya tahadhari. Kimbunga kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, vanila ikaadimika, na kufikia 2003 kilo ya vanila kavu ilikaribia dola 500 kwenye soko la dunia. Bukoba na Muleba watu walikimbilia kupanda, wakalala shambani kulinda wezi. Mwaka 2005 bei ilikuwa chini ya dola 50. Ilipanda tena kupita dola 500 miaka ya 2017 na 2018, watu wakapanda tena, na ikaporomoka tena. Ukiangalia vizuri, walioshinda mara zote mbili ni wale waliokuwa na vanila kabla ya bei kupanda, na ambao hawakuing'oa iliposhuka. Aliyenunua marando kwa bei ya juu kabisa ndiye aliyeumia.

Jibu la tatu ni benki, na Kagera ina kovu hapo. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano zilizokuwa na mtaji mdogo kuliko sheria inavyotaka, na mojawapo ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Waliokuwa na akiba ndogo walilindwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini wakati huo kinga ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Mwaka 2023 kikomo kilipandishwa hadi milioni 7.5. Ni jambo la kujua kabla ya kuweka fedha zote za ukoo katika akaunti moja. Aprili 2025 benki mpya ya ushirika ya taifa ilizinduliwa Dodoma. Wanaushirika wa Kagera wana haki ya kuipokea kwa matumaini, na wana haki pia ya kuuliza maswali ya mtaji na ukaguzi ambayo hawakuuliza zamani.

Kuna jibu la nne ambalo vijijini halizungumzwi sana. Hati fungani za serikali hununuliwa kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki au wakala wa soko la hisa. Zile za miaka 20 na 25 zilizotolewa mwaka 2024 zilikuwa na riba iliyozidi kidogo asilimia 15 kwa mwaka. Milioni moja, ambayo kwa shilingi 4,000 ni kilo 250 za maganda, huleta takriban shilingi 75,000 kila baada ya miezi sita, mwaka wa mavuno mabaya na mzuri. Mwenye milioni tano anapata zaidi ya laki tatu na nusu kila nusu mwaka, na kwa familia nyingi hiyo inatosha kumfungia mlango mtu wa butura. Kasoro zipo. Ukitaka fedha yako kabla ya muda, lazima umpate wa kununua hati hiyo, na bei yake hushuka riba mpya zikipanda. Na mfumuko wa bei ni mchwa: mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo riba ya 15 ilikuwa na faida ya kweli, lakini Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8, na mwenye riba ya 15 wakati huo alikuwa akila mtaji.

Riba hizi hazidumu. Mwaka 2022 Benki Kuu ilizishusha hati mpya za muda mrefu hadi asilimia 12 na ushei kabla ya kuzipandisha tena. Julai 2025 riba elekezi ya Benki Kuu ilipunguzwa kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Riba elekezi inaposhuka, riba za hati mpya huelekea kufuata, na aliyekwisha kununua zile za zamani hubaki na kiwango chake mpaka mwisho.

Hisa zinahitaji moyo zaidi. NMB ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2008 ilikuwa shilingi 600 kwa hisa, na mwaka 2024 zilikuwa zimepita 5,000. CRDB ilianza mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, ilikuwa chini ya bei hiyo, na wengi wakauza kwa hasira. Mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 600. Fedha ya kununulia hisa ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuisahau miaka kumi. Asiye na hakika ya kuchagua kampuni anaweza kupitia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo hupokea kiasi kidogo na kununua hati na hisa kwa niaba ya wengi.

Na kuna wanaoahidi kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi michache. DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu "wapande mbegu" wavune maradufu, ilisimamishwa na serikali mwaka 2009 ikiwa na maelfu ya wanachama, wengi wao wafanyabiashara wadogo sokoni. Majina yamebadilika tangu wakati huo na sasa wanakuja kwa simu.

Kwa misimu iliyo mbele, yapo mambo matatu ya kufuatilia. Mvua za Brazil na Vietnam, zinazoripotiwa kila wiki na wauza kahawa, ndizo zitakazoamua kama London itarudi kwenye dola 5,000 au itateremka kuelekea 3,000. Kwa dola 3,000 na shilingi 2,500, kilo ya maganda ni 3,750 kabla ya makato. Mwenendo wa shilingi ni la pili. La tatu ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayotaka kila gunia lijulikane limetoka shamba gani, ili kuthibitisha halikutokana na msitu uliokatwa. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haujafutwa. Vibanja vya Wahaya ni vya karne nyingi na havina kosa hilo. Vinachokosa ni ramani, na chama cha msingi ambacho kitakuwa hakijaandikisha mashamba ya wanachama wake siku sheria itakapoanza kutumika kitauza kwa mnunuzi asiyeuliza, kwa bei ya mnunuzi asiyeuliza.

Kati ya sasa na Mei kuna senene wa Novemba kwa anayejua kutega, kuna dagaa na sangara kwa walio karibu na Bumbire na Goziba, na kuna ndizi za kupeleka sokoni Bukoba. Januari yule mtu atabisha hodi tena. Anayetaka kumjibu anaweza kwenda chamani mapema, mwezi Novemba au Desemba, kuuliza kama kuna mkopo, na kama hakuna, aombe jambo hilo liingie katika ajenda za mkutano mkuu.